Jiko la nyumba ya bibi Mkunazini, nataka lirudi kama zamani. Nianzie wapi?

MwanaMkunazini
Asalaam alaykum jamani. Nna jambo langu nataka ushauri na naomba msinicheke.

Nyumba yetu ya urithi iko Mkunazini, hapa Mji Mkongwe Zanzibar, ya mawe na chokaa na boriti, ghorofa mbili. Umri wake khasa siujui lakini babu yangu kazaliwa mle na yeye kaikuta. Ndugu tumekubaliana mie ndo nikae niitengeneze kidogo kidogo, na nimeanza na jiko kwa sababu mke wangu keshasema bila jiko la maana yeye hahami kwao. Sasa mimi nataka liwe la kizamani, sio haya makabati ya kung'aa utasema duka la simu.

Hali ilivyo: jiko liko chini, linatazama uani. Upana mita 2 na nusu, urefu mita 4 na kitu. Ukuta mnene inchi 22, nimepima kwenye dirisha. Kuna mashubaka matatu ukutani (vile vijishimo vya kuwekea vitu), na upande mmoja kuna kama benchi la mawe limejengwa usawa wa goti, nadhani ndo palikuwa meko. Juu kabisa karibu na dari kuna matundu manne madogo. Zamani mjomba wangu mmoja (Mungu amrehemu, alikuwa na nia nzuri) kapiga simenti ukuta mzima mpaka usawa wa kifua halafu juu yake akapaka rangi ya mafuta ya kijani. Sasa ile rangi inabambuka, unatoka unga mweupe ukiuonja ni chumvi, na simenti yenyewe ukiigonga inalia kama debe tupu. Na boriti moja kichwa chake kilichoingia ukutani kimelika.

Nilivyofikiria: nitoe simenti, nibandike vigae vile vya maua vya Kihindi, makabati ya mbao yenye nakshi na misumari ya shaba mfano wa milango yetu, kaunta ya marumaru, na taa za kandili. Nimeona kwenye hoteli moja hapa mjini, picha zake zinavutia sana. Mnasemaje?

ZegeTu
Ndugu usijitafutie maradhi. Bomoa hilo benchi, piga simenti mpya tia na dawa ya kuzuia maji, bandika tailizi mpaka juu, hizo boriti toa mwaga zege. Wiki tatu umemaliza umehamia. Chokaa ni mambo ya wazee.

Bi_Kiponda
Misumari ya shaba jikoni 😂😂 ntarudi, niko na mkate motoni

FundiWaChokaa
Waalaykum salaam. Kazi yangu ni uashi, nimerithi kwa baba, nyumba za Mji Mkongwe nimeshika nyingi kwa hiyo ntasema ninachokijua na mwenye kubisha abishe.

Kwanza huyo aliyesema simenti tena, bwana wee, simenti ndo iliyoleta hayo unayoyaona. Ukuta wako ni mawe ya matumbawe na udongo mwekundu na chokaa, ule ukuta unakunywa maji kutoka chini na unayatoa kwa hewa, siku zote ndo maisha yake, kama mtu anavyotoka jasho. Chokaa inaruhusu jasho litoke. Simenti na rangi ya mafuta zinaziba, maji yanabaki ndani, yanapanda juu yakitafuta njia, na chumvi inakwenda nayo. Yakifika pale simenti ilipoishia ndo yanatokea, na chumvi ikikauka inavimba inasukuma kila kitu. Sasa juu ya usawa wa kifua kuna nini? Kuna vichwa vya boriti vimelala ndani ya ukuta ulorowa. Boriti yako haijaliwa na uzee, imeozeshwa.

Kwa hiyo kabla hujafikiria vigae na nakshi fanya hivi. Toa simenti yote mpaka uone jiwe. Kwa tindo na nyundo, taratibu, usikubali mtu akuletee mashine ya kutetemesha, ile inalegeza hata kilicho kizima. Halafu uache. Uache! Ukuta wa inchi 22 ulokunywa maji miaka haukauki kwa wiki mbili. Pangusa chumvi kwa brashi kavu kila inapotoka, usiioshe kwa maji, ukiiosha unairudisha ndani.

Ukishakauka ndo mnatomea, yaani mnajaza mashimo kwa chokaa na vijiwe, halafu mnapiga chokaa kwa tabaka nyembamba, fungu moja la chokaa mafungu matatu ya mchanga. Mchanga usiwe wa pwani, una chumvi yake tayari. Na chokaa iwe imezimwa zamani imekaa kwenye maji, sio ile ilotoka kwenye tanuu juzi ikali moto, hiyo itazimika ukutani kwako itoe malengelenge. Kila tabaka unalimwagia maji kidogo kidogo, unatundika magunia maji, kwa sababu chokaa haikauki kama simenti, inashika kwa kuvuta hewa pole pole. Ukiiharakisha inapasuka halafu watu wanasema chokaa mbaya.

ZegeTu
Sasa kama chokaa ndo dawa mbona Beit al Ajaib, lile jumba la Sultani pale Forodhani, ilianguka? Ile ilikuwa simenti?

FundiWaChokaa
@ZegeTu ile nyumba kajenga Sayyid Barghash 1883, imeporomoka upande Disemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo na watu wawili walifariki, Mungu awarehemu. Sababu zake mie siziongei hapa, wapo wenye kazi hiyo. Hesabu tu, 1883 mpaka 2020. Hebu nitajie zege la ukanda wa pwani hapa unaloliamini litafika huko, na nondo zake zishaanza kutoa kutu kabla hujamaliza deni la nondo.

MwanaMkunazini
Ahsante sana fundi. Kwa hiyo unaniambia miezi mingapi? Mke wangu anasoma hapa.

FundiWaChokaa
Ukianza baada ya masika, ukuta ukapigwa na upepo wa kusi, unaweza kupiga chokaa mwezi wa tisa. Umalize kabla ya vuli. Mwambie shemeji asinichukie.

Bi_Kiponda
Haya nimerudi, mkate umeungua upande mmoja kwa ajili yenu.

Mwanangu wewe mimi nimezaliwa nyumba kama hiyo na nimepika jiko kama hilo mpaka naolewa, sasa nikwambie ukweli, jiko la zamani halikuwa na kabati hata moja. Wapi! Tulipika chini, tumekaa chini, kila kitu kiko chini ama kinaning'inia. Kwenye boriti kulikuwa na susu, kamba imesukwa unatia sufuria ya mchuzi ulobaki panya wasiupate na paka asiufikie. Hayo mashubaka usiyaguse, moja lilikuwa la kibatari (utaona juu yake pameungua mweusi), moja la chumvi na kibiriti na bizari, jengine utakuta bibi yako alitia visu watoto wasione. Hilo benchi ndo meko kweli, juu mnapika chini mnatia kuni na makaa, na yale matundu juu ni ya moshi. Kona moja mtungi wa maji na kata yake. Kinu na mchi tulitwangia uani. Nyumba yenye uwezo ilikuwa na kabati la wavu, miguu minne kila mguu umetiwa kwenye mkebe wa maji sisimizi wasipande. Basi hilo ndo kabati.

Vigae vya maua vilikuwa vya sebule na ngazini kwa watu wenye nazo, jikoni nani atatia? Na nakshi ni ya mlango wa mbele, mgeni aone, ajue anaingia kwa nani. Jiko letu hata mlango halikuwa nao, lilikuwa na pazia la gunia. Hayo ulioyaona hotelini ni ya hotelini, wale wanauza usiku, hawapiki pale.

Na marumaru usitie kabisa. Ndimu na ukwaju vitaila, utaona madoa ya mviringo pale ulipoweka nusu ndimu ukaisahau. Sisi huku bila ndimu tunapika nini?

mama_wawili
Nasoma tu nacheka. Nyie wanaume mnataka jiko la zamani kwa sababu si nyie mnaolipika. Nani sasa hivi akae chini juu ya mbuzi akune nazi nne za futari? Huyo mke ana mgongo. Mtilie kaunta ya kusimama, mtilie soketi za kutosha za blenda na friji, halafu hayo mazamani yako tia kwenye taa.

Jirani_wa_Zamani
Naomba niulize swali ambalo labda si zuri. Jiko la zamani la zamani ipi? Maana mie nimekulia nyumba kubwa ya mawe Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe, lakini sie hatukuwa wenyewe, tulipangishwa na serikali baada ya Mapinduzi, familia sita nyumba moja. Lile jiko la asili la chini lilikuwa chumba cha mzee mmoja na mkewe, wamelala pale pale kwenye meko wametandika godoro. Sie tulipikia ushorobani, kila mama na seredani yake, jiko la makaa, mbele ya mlango wake, jioni ukipita unajua nani leo ana samaki na nani ana mchicha mtupu. Moshi wote ulipanda ngazini, ukuta wa ngazi ulikuwa mweusi kama jungu. Hiyo pia ni zamani. Juzi nimepita, ile nyumba sasa ina wageni, ngazi nyeupe pee.

Simaanishi usitengeneze. Tengeneza. Ila mjomba wako na rangi yake ya kijani naye alikuwa anatafuta ukuta unaosafishika kwa kitambaa, masizi yalimshinda.

MwanaMkunazini
@Jirani_wa_Zamani umenigusa wallahi. Kwetu pia palikuwa na wapangaji wawili mpaka mwaka 90 na kitu, mama anasimulia.

Bi Kiponda nakshi nimefuta. Marumaru nimefuta. Mama wawili, mke wangu anakusalimu sana anasema uendelee.

Mpemba_wa_Wete
Sie Pemba mnatuacha nyuma lakini nchangie. Kwa bibi yangu jiko ni banda mbali na nyumba, makuti juu, fito na udongo, mafiga matatu basi. Na ule moshi mnaoulalamikia ulikuwa na kazi, dudu hawali boriti wala kuti lilofukizwa. Babu akitaka kujua banda zima anatizama juu, palipo peusi ndo pazima. Sasa mkitia gesi moshi hamna, dudu karibuni wageni.

FundiWaChokaa
Maneno ya Mpemba si uwongo. Boriti zako nzima zitazame mara kwa mara, ukiona unga wa mbao chini ya boriti ndo habari yake hiyo. Ile iloliwa kichwa usiikate ovyo ukaitoa, boriti zinabeba mawe na chokaa ya sakafu ya juu na uzito wake si mchezo. Tunasimamisha nguzo chini kwanza halafu tunalaza boriti mpya ubavuni mwa ile mbovu. Nunua ya mkoko yenye kibali, usinunue ya usiku. Na ujue kwa nini jiko lako lina upana wa mita 2 na nusu: si kwamba babu zako walipenda vyumba vyembamba, boriti ndo urefu wake huo, chumba kinafuata mti.

Halafu bila kusahau, usivunje chochote kabla hujafika Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Wapo tangu 1985, na mji wenyewe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, kwa hiyo nyumba ni yako lakini si yako peke yako. Peleka mchoro hata wa mkono ueleze unataka nini, watakwambia lipi lina ruhusa.

gesi_na_mitungi
Mimi nafunga majiko ya gesi, kuna kitu hamjakisema na ni cha hatari. Hayo matundu ya juu ni ya moshi, moshi unapanda. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja INASHUKA, inalala sakafuni kama maji. Kwa hiyo jiko lenye matundu juu tu halikusaidii kitu kwenye gesi, itajaa kuanzia chini na weye unaona madirisha yapo wazi juu unajiona salama. Mtungi utie nje uani kwenye kijumba cha wavu, pitisha mpira ama bomba la shaba, na ndani acha upenyo chini ya mlango ama tundu usawa wa sakafu. Kwa jiko lako linalotazama uani kazi ndogo kabisa.

Na wanaotaka kutia seredani ya makaa ndani kwa ajili ya mapambo halafu wanafunga madirisha kwa sababu ya kiyoyozi, hewa ya makaa haina harufu na inaua. Matundu yale msiyazibe.

ZegeTu
Sawa nimekubali ya chokaa. Lakini juu ya paa atatia tangi la maji au atachota kisimani pia kama zamani?

FundiWaChokaa
Swali zuri leo. Tangi la lita 1000 ni tani nzima ya maji, hujahesabu tangi. Usiliweke katikati ya dari ya boriti hata siku moja. Ama litie uani juu ya kinara chake, ama juu pale kuta mbili zinapokutana, na mwashi atizame kwanza.

SeremalaDarajani
Mbao: mvule ukiupata, mfenesi pia mzuri na ni wa kwetu, rangi yake ya manjano inakolea inakuwa kahawia baada ya muda. Usijenge makabati kuziba ukuta, acha mgongo wazi na uyainue kwa miguu, hewa ipite nyuma, ukuta wako bado utatoka jasho. Upana wa mita 2 na nusu unakuruhusu kaunta upande mmoja tu, ukitia pande mbili za sentimita 60 njia inabaki mita 1 na 30, mkipishana na sufuria ya moto mtatiana vidonda. Na lile kabati la wavu alosema Bi Kiponda naweza kukutengenezea, watu wameanza kuyauliza tena.

Bi_Kiponda
Kabla hujamaliza, pima mbuzi. Yaani kaa chini unyooshe mguu kama unakuna nazi uone pahala pako pako wapi. Kila nyumba ninayoingia siku hizi jiko zuri lakini mtu akikaa chini mlango haufunguki.

mama_wawili
Bi Kiponda na mbuzi yake 😂

*(miezi saba baadae)*

MwanaMkunazini
Asalaam alaykum, nimerudi kutoa ripoti maana wengi mmeniuliza kwa ujumbe.

Ruhusa tulipata. Simenti tumeitoa mwezi wa sita kwa mkono, vijana wawili siku tisa, uani palijaa kifusi mpaka jirani akauliza kama tunavunja nyumba. Chini ya simenti tumekuta shubaka la nne lilozibwa, watu wote tukakusanyika, fundi anapasua pole pole, mama anasoma dua, ndani tukakuta mfuko wa simenti umekunjwa na chupa ya soda. Mjomba huyo.

Ukuta tumeuacha miezi mitatu. Chumvi iliyotoka nilikuwa naipangusa kila Ijumaa asubuhi, mwanzo kikombe kizima, mwisho vumbi tu. Boriti mpya imelazwa. Chokaa tabaka tatu, magunia maji, mke wangu akaniambia ukuta unauguzwa kuliko yeye alipojifungua. Mwisho tukapaka chokaa nyepesi kama maziwa mara tano, na mama akasisitiza tutie bluu ya nguo kidogo kama alivyokuwa akifanya bibi kabla ya kila Ramadhani. Nilibisha. Ilipokauka nikanyamaza, weupe wake umepoa hauumizi macho.

Benchi la meko lipo, jiko la gesi limekaa juu yake kwenye sanduku la mfenesi mpaka kimo cha mtu aliyesimama, mtungi uko nje. Kaunta upande mmoja, ya mbao. Nyuma ya karo nimebandika vigae vyeupe vya kawaida mistari miwili basi, fundi kakubali kwa shingo upande. Friji iko kwenye shubaka kubwa la uani sio jikoni. Kabati la wavu lipo na mikebe yake, watoto wametia samaki wa mapambo kwenye mmoja.

Pahala pa mbuzi nimeacha, Bi Kiponda. Lakini sasa sikilizeni. Mama kaja siku ya kwanza, katizama, kasema mashallah, kafungua bomba, kafunga. Halafu kachukua samaki wake, changu, na karai kenda uani kukaa chini kwenye bomba la choo cha nje anaparua samaki pale. Namuuliza mama mbona, karo hili hapa. Anasema bomba lako liko mbinguni, samaki anaparuliwa chini.

Bi_Kiponda
Bomba la chini hukutia???

MwanaMkunazini
Hakuna aliyenambia!

Bi_Kiponda
Kila jiko lina bomba la chini, la kujazia ndoo na kuparulia samaki na kuoshea mchele. Nilidhani unajua, ni kama kukwambia tia mlango.

mama_wawili
Hapo nakubaliana na Bi. Hata mimi kwangu ninalo.

FundiWaChokaa
Usichimbe ukuta kupitisha bomba, tafadhali sana. Pitisha nje ya chokaa, shusha kwenye kona ya mlango wa uani, karo dogo la sakafuni kwa saruji ya huko huko nje ya ukuta na mteremko wa maji kwenda mchirizini. Kazi ya siku moja. Nakuja Jumamosi baada ya adhuhuri, mwambie mama asiende soko la samaki asubuhi, changu watalala.